Shikamoo Tatu za Kabula

Siku yangu ya kwanza kazini, kliniki ya masikio Shinyanga, nilimpigia mgonjwa kelele hadi watu wa dirisha la kadi wakachungulia. Mganga Mfawidhi wetu, mama mmoja mkali kama pilipili, akanivuta pembeni. "Binti, kiziwi hapigiwi kelele. Kaa mbele yake auone mdomo wako." Nilitamani ardhi ipasuke. Leo namshukuru kila nikimkumbuka, maana ndiye aliyenifanya fundi wa usikivu.

Kazi yenyewe ni hii. Unampima mtu kwa milio minene na myembamba, mmoja mmoja, unachora chati. Unachukua umbo la tundu la sikio lake kwa ujiuji laini unaoganda, ndiyo kalibu. Kisha unamvalisha shimesikio, kile kifaa kidogo cha kukuza sauti, unakirekebisha kufuata chati. Shinyanga nilivalisha wazee wengi. Kahama, chini ya Mratibu asiyejua kucheka, walikuja madereva wa mabasi na watu wa mashine za mpunga. Halafu Geita, na masikio ya Geita, jamani! Baruti na karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, hazimwachi mtu salama.

Mzee Masanja alikuwa mtu wa karasha. Siku aliyokuja alininong'oneza, kwa jinsi kiziwi anavyonong'ona, ukumbi mzima ukasikia: "Mama Kulwa, nataka niongee na binti yangu bila kaya yote kujua."

Binti huyo, Kabula, aliolewa Kishapu bila baraka zake. Waligombana, miaka ikapita. Alipopiga simu, mzee alilazimika kuweka spika, sauti mwisho, majirani nao masikio wima. Nani ataomba radhi namna hiyo? Ndipo mwanawe wa kiume akamnunulia shimesikio mpya zinazoungana na simu bila waya. Simu ikiita unabonyeza kitufe sikioni, sauti inaingia humo humo, mikono mitupu.

Daktari Bingwa, bosi wangu wa mwisho, akaniuliza, "Kijitabu cha shimesikio hizi umesoma?"

"Nimesoma, daktari."

Uongo mtupu. Nilishavalisha aina nyingine inayonasa hata sauti ya mvaaji, nikajiona najua yote. Nikamwambia mzee, "Simu iache ndani, wewe ongea tu." Akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja sana, akaondoka anachekelea.

Jumapili Kabula akapiga. Mzee alikuwa zizini nyuma ya nyumba, simu iko mezani ndani. Akabonyeza, sauti ya binti yake ikamjia safi kabisa: "Baba, shikamoo. Nimekosa, nisamehe." Akaitikia, akamsamehe, akamwambia amlete mjukuu. Lakini shimesikio za aina ile zilileta sauti ya mpigaji tu. Maneno yake mwenyewe yalipaswa kunaswa na simu, nayo ilikuwa mbali. Kabula hakusikia kitu. Akarudia shikamoo mara ya pili, na ya tatu. Kwetu mzazi asipoitikia shikamoo amekukataa, huna la kuuliza. Akalia, akakata. Baba yake alipompigia, hakupokea tena.

Jumatatu asubuhi mzee alizibwaga shimesikio mezani kwangu. "Mashine zako zimeninyima mtoto!" Machozi yanamtoka, mtu mzima yule. Nilifungua kijitabu. Imeandikwa wazi: simu iwe karibu na mdomo. Nikaenda kwa Daktari Bingwa.

"Sikusoma, na nilikudanganya."

Akafunga faili lililokuwa mbele yake. "Mimi na wewe tutaongea baadaye. Mpigie binti."

Nikampigia kwa simu yangu, nikajitambulisha, nikaeleza yote. "Mama, mnamsitiri tu," akasema Kabula.

"Mwanangu, kosa ni langu, haki ya Mungu. Mpigie sasa hivi. Ukikuta kimya, usiniamini tena maishani."

Nikamvalisha mzee haraka, nikamtumbukizia simu yake kwenye mfuko wa shati. Tukangoja. Moyo ulinidunda nikadhani hata yeye anausikia. Ikaita. Akabonyeza.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Marahaba." Alikuwa anaitikia zile shikamoo tatu za jana, zote.

Nimestaafu sasa. Namshukuru Mungu, na namshukuru daktari yule, ambaye angeweza kunifukuza lakini akaniachia nitengeneze nilichoharibu. Vijana, kijitabu someni, hata mkizeekea kazini. Na mtu akianza kuongea na mwanawe, tokeni chumbani. Mimi nilitoka nikafunga mlango. Alichomwambia Kabula baada ya hapo sikijui mpaka leo, na hivyo ndivyo mzee alivyotaka.