Plagi ya Tatu

Aliyebuni kirikuu hakuwahi kufikiria kwamba siku moja itaharibika. Nasema hivyo kwa hasira na kwa mapenzi. Injini ameilaza chini ya viti, akaifunika kwa bati, akaweka kiti juu ya bati, kisha akapitisha vyuma vya fremu ubavuni, ili mtu anayetaka kugusa plagi za kuwashia moto aombe kwanza ruhusa kwa vyote hivyo. Ni kigari kifupi cha mizigo, kimefunikwa mpaka nyuma, na kando ya injini yake hamna nafasi ya kupitisha hata mwiko.

Yetu ilitokana na ng'ombe aliowauza baba mkwe. Mume wangu aliiendesha mwaka mmoja, halafu dhahabu ikampanda kichwani akaenda Geita, akaniachia ufunguo. Nilijifunza udereva kwenye kiwanja cha mpira pale Ngokolo, watu wakinicheka mpaka wakachoka. Tangu hapo alfajiri niko Didia napakia mchele na nyanya za wakulima, saa mbili niko sokoni Shinyanga mjini. Chakula, sare za shule, kodi ya nyumba, vyote vilitoka kwenye matairi yale manne. Mume hutuma anachopata, ila Geita kuna miezi ambayo hapatikani hata yeye mwenyewe.

Kisha gari likaanza kumisi. Lilikuwa linatetemeka likiwa limesimama, na kwenye kilima kidogo tu linataka kurudi lilikotoka. Nikalipeleka kwa fundi mmoja. Alikaa nalo kutwa nzima, akanionyesha maboksi matatu matupu, akasema plagi zote tatu amebadilisha. Niliyaamini maboksi. Baada ya siku mbili gari likawa vilevile, nikarudi, naye akatikisa kichwa kama daktari na kusema injini imekwisha, nitafute mtu wa kulinunua mapema.

Habari hiyo ilifika Didia, kwa baba mkwe, kabla yangu. Mume akanipigia simu. "Mzee anakuja Jumamosi. Mnunuzi atakuja mchana. Tafadhali usibishane naye."

"Na mimi nyanya nitabeba kichwani mpaka lini?" nikamuuliza.

Mtandao ukakata. Mtandao wa Geita hukata pale mwanamume anapoishiwa majibu.

Lazima nieleze kwamba hata kama ningetaka kubishana na mzee, nisingeweza. Katika ukoo wa mume wangu, baba mkwe na mke wa mwana hawakaribiani. Hatupeani mikono, hatuli pamoja, sikalii kiti alichokalia, na tukishasalimiana hatuna mazungumzo. Akiwa na neno na mimi humwambia mjukuu wake, na mjukuu huniambia mimi, ingawa nimesimama palepale na nimesikia kila kitu. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Miaka kumi na miwili ya ndoa, sikumbuki kama tulikuwa tumewahi kuzungumza maneno kumi yasiyo salamu.

Jumamosi hiyo niliamka nimeamua. Kama gari langu linauzwa, basi kwanza nilione tumbo lake kwa macho yangu. Watoto niliwapeleka kwa shangazi yao, nikavaa suruali ya mume wangu, nikafunga khanga juu yake, nikafungua kiti cha abiria na kukiegemeza kwenye ukuta. Nilikuwa nimenunua plagi tatu mpya kwa mkono wangu mwenyewe. Nililala kifudifudi kwenye sakafu ya gari, kichwa kwenye injini, miguu ikining'inia nje ya mlango, na ndivyo baba mkwe alivyonikuta aliposhuka kwenye bodaboda, saa nzima kabla ya wakati wake.

Nikatoka kinyumenyume, nikapiga goti na mikono yangu myeusi. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikamwekea kiti kivulini. Alilitazama gari, akaitazama suruali, kisha akakigeuza kiti akaupa uwanja mgongo, akakaa akikodolea ukuta ambapo tairi la akiba lilikuwa limeegemezwa. Niliumia. Nikasema moyoni, haya, hata kunitazama nikihangaika hataki. Nikarudi kwenye gari kwa hasira, nikawasha injini ili nisikie mwenyewe ugonjwa uko wapi.

"Moja imelala," sauti ikasema.

Nikainua kichwa. Mzee alikuwa hajageuka. Mbele yake hapakuwa na mtu, na wajukuu wa kumtuma hawakuwepo. Alikuwa analiambia tairi.

Ujanani aliendesha malori ya pamba, mpaka macho yalipoanza kumpa ukungu. Masikio hayakupata ukungu. "Mtu akichomoa waya wa plagi mmoja mmoja, injini ikiwa inaunguruma," aliliambia tairi taratibu, "ule ambao ukichomolewa injini haishtuki, hapo ndipo penye mgonjwa. Na ashike kwa kitambaa kikavu. Umeme wa pale hauna adabu."

Nikakunja pindo la khanga, nikachomoa waya wa kwanza. Injini ikayumba, karibu izime. Nikaurudisha. Wa pili, ikayumba tena. Wa tatu ulikuwa nyuma kabisa, chini ya chuma cha fremu, na mkono ulifika kwa kujikunja. Nikauchomoa. Hakuna kilichobadilika.

Sasa nimjibu nani? Pembeni yangu palikuwa na kreti tupu la nyanya. Nikaliambia kreti: "Wa tatu, injini haishtuki."

"Ehee," mzee akaliitikia tairi.

Nikazima. Plagi ya kwanza ikatoka bila shida, mpya, inang'aa. Ya pili hivyohivyo. Hapo nikaelewa yote. Fundi alibadilisha mbili zinazofikika, ya tatu ikamshinda, na boksi la tatu alilifungua kwa ajili ya macho yangu tu. Nilitukana. Nilitoa tusi ambalo mkwe hapaswi kulisikia, na nilipokumbuka aliyeketi nyuma yangu, masikio yaliniwaka moto.

Mzee akakohoa. "Amwagie mafuta ya taa kidogo kwenye shina la plagi," alisema, "na asubiri muda wa kikombe kimoja cha chai."

Nikachemsha chai, nikaiweka kwenye stuli hatua tatu kutoka kwake, nikaondoka ili aichukue.

Kazi yenyewe ilikuja baada ya hapo. Spana ya plagi ni bomba lenye matundu ya kupitishia chuma cha kuzungushia, na ikiwa imekamilika haipiti pale. Nilijaribu kulia, nikajaribu kushoto, nikachunika vidole viwili. Tairi likaambiwa kwamba bomba litangulie peke yake, likishakaa juu ya plagi ndipo chuma kifuate. Nikafanya hivyo bila kuona chochote, shavu limelala kwenye bati la moto, macho yanatazama sponji iliyochanika ya kiti cha dereva. Kila nikisukuma chuma kinagota kwenye fremu, nakichomoa, nakiingiza tundu la pili, nasukuma tena. Haikutikisika. Mzee akasema mtu akaze kidogo kwanza, ndipo alegeze. Nikakaza. Nikalegeza kwa uzito wangu wote, na chuma kikalia.

Nilijua nimeivunja. Nililala palepale nikiona nyanya za Didia zikioza na mimi sina la kufanya.

"Imelia namna gani?" mzee akaliuliza tairi.

"Kama mlango wenye kutu," nikaliambia kreti.

"Hiyo inatoka."

Ikatoka. Nyeusi tii, ncha yake imelika kabisa. Nilitamani fundi yule angekuwepo nimwekee kiganjani.

Nikachukua mpya, nikaiweka kwenye spana, lakini kabla sijaingiza, mzee, ambaye hakuwa ananiona, akapandisha sauti kwa mara ya kwanza. "Isiingizwe kwa spana. Ikiingia upande itakula nyuzi za tundu kwenye injini, na hapo kweli tutakuwa tunauza chuma chakavu. Kipande cha mpira wa petroli kivishwe kichwani mwa plagi, azungushe kwa vidole tu."

Nikakata mpira, nikaivisha plagi, nikaishusha gizani. Mara ya kwanza ikakataa. Mara ya pili ikakataa. Mara ya tatu niliurudisha mpira kinyume kidogo, nikaisikia plagi ikidondoka mahali pake, nikazungusha, na ikaenda laini, ikaenda, ikaenda. Sijui kama nimewahi kufurahi vile kwa kitu nisichokiona. Nikakaza kwa spana, nikazirudisha na zile mbili nilizozitoa, nikarudisha waya zote, nikakaa kwenye kiti cha dereva na kuwasha.

Gari likanguruma mfululizo, limetulia, hata kioo cha ubavuni hakikutetemeka. Nikapiga vigelegele peke yangu uani. Majirani wawili wakatoka na vitambaa vyao vya kichwa mikononi, wakidhani nimeletewa posa ya binti yangu, na binti yangu ana miaka tisa. Mzee alikuwa bado anautazama ukuta, ila mguu wake mmoja ulikuwa unapigapiga chini kufuata injini.

Mnunuzi alifika mchana, mtu wa kununua magari mabovu na kuyapeleka machimboni. Alisikiliza, akainama, akazunguka mara mbili. Akamwambia mzee kwamba aliambiwa gari ni bovu, lakini kwa alivyolisikia yuko tayari kuongeza, na akaingiza mkono mfukoni.

Mila ya ukwe ilinizuia kusema, na gari lilikuwa la ng'ombe wake.

Mzee akamaliza chai iliyokwisha kupoa. "Mimi na wewe tulikubaliana juu ya gari bovu," akasema. "Hili silijui. Muulize mwenyewe."

Mnunuzi akatupa macho uani akitafuta mwanamume. "Mwenyewe si yuko Geita?"

"Mwenyewe ana mafuta mikononi."

Mnunuzi akanigeukia. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Haliuzwi," nikasema.

Jioni nililazimika kumrudisha mzee Didia. Viti vya mbele vya kirikuu vimebanana bega kwa bega, na hilo haliwezekani kwa mkwe. Akabeba kiti chake mwenyewe, akakiweka nyuma kwenye sehemu ya mizigo, mlango wa nyuma tukauacha wazi, akakaa akiitazama barabara tunayoiacha na kuwasalimia wote tuliowapita. Tulipofika kwenye kilima ambacho wiki nzima kilikuwa kinanidhalilisha, gari likapanda bila kulalamika. Nyuma yangu nikasikia bati likigongwa kwa kiganja mara mbili, vile konda anavyomgongea dereva wake kumwambia twende, niko nawe.

Nikaongeza mwendo.