Paja la Kuku Lililofika Texas

Nauza vitenge mtandaoni kutoka nyumbani kwangu Wheaton, Marekani. Posta wanatupatia maboksi bure, na bei ya kutuma ni ileile hata boksi likiwa zito. Mimi nikanogewa. Kwenye kipaimara cha binti yangu, nikawafungia wageni pilau na kuku wa kubeba kwenye maboksi hayohayo. Walipoondoka, boksi moja lilibaki mezani. Nikajua ni ule mzigo wa mteja niliokuwa nimeuweka hapo, nikalibandika anwani, likaenda.

Jumapili iliyofuata, mama mchungaji, aliyekuwa mgeni wetu siku ile, akasimama kanisani. “Mama Neema, asante kwa zawadi ya vitenge!”

Waumini wakapiga makofi. Nami nikapiga, nikijiuliza ni vitenge gani. Hapo simu ikatetema, ujumbe wa mteja wa Texas:

“Dada, hili paja la kuku nilivae vipi?”