Jiwe Lililokataa Hesabu

Walimu wa fizikia tunalo neno letu: kupika. Mwanafunzi anaanza na jibu ambalo hesabu inalitaka, kisha anarudi kinyumenyume kutunga vipimo vitakavyolifikia. Nilifundishwa hivyo, na hapa Ilongero, kwenye maabara ya madirisha yasiyo na vioo, nami nafundisha hivyo hivyo. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo.

Mwaka huu nina mwanafunzi mmoja, binti wa kidato cha nne kutoka Mtinko, kwao wanalima alizeti. Siku ya kufunga jiwe kwenye uzi na kupima muda linaochukua kubembea, wenzake walilibembeza kidogo kwa heshima tu, wakaketi kupika. Yeye alipima kweli. Upepo wa Singida mnaujua. Uliingia dirishani ukalisukuma jiwe lake ulivyotaka, na alama kwenye grafu yake zikatawanyika kama kuku waliofukuzwa kwenye uwele.

“Futa,” nikamwambia. “Mstari lazima unyooke.”

“Lakini mwalimu, ndivyo lilivyobembea.”

“Hesabu haidanganyi. Jiwe ndilo limekosea.”

Darasa likacheka, naye akafuta. Niliporudi nyumbani Utemini kwa bodaboda, maneno yale yalinikera njia nzima. Jiwe limekosea! Mtu mzima, mwenye shahada.

Wiki iliyopita tukafika kwenye atomu, mada ninayoipenda kupita kiasi. Nikajisahau, nikawaeleza yasiyo kwenye mtaala: kwamba kuna chembe ambazo hesabu ilisema lazima ziwepo kabla mtu yeyote hajaziona, kwamba wapo wanafizikia wanaoamini ukichimba hadi chini kabisa hutakuta kitu, utakuta hesabu tupu. Chaki ilinikatikia mkononi kwa raha.

Binti akanyoosha mkono. “Na wao walipika?”

“Hapana. Walisubiri miaka, wakajenga mitambo mikubwa, waone kama chembe yenyewe ipo.”

“Na isingekuwepo?”

“Hesabu ingefutwa, hata ingekuwa nzuri namna gani.”

Nikasikia nilichosema mwenyewe. Safari hii hakuna aliyecheka. Aliniangalia kwa adabu tu, bila kunisuta, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Njia ya mwongo fupi, nami nilikuwa nimefika mwisho wake mbele ya watoto wa watu.

Baada ya kipindi alinifuata mlangoni. Anataka kuendelea na fizikia kidato cha tano, na bila alama za mtihani wa vitendo hafiki. Baba yake ameshasema akifeli atarudi shambani.

“Samahani, mwalimu. Kwenye mtihani, jiwe likikataa, niandike kipi?”

Nilijua la kumjibu. Nikamfikiria msahihishaji, ambaye atakuwa na majibu mkononi na hatakuwa na jiwe. Nikaangalia chini.

“Pika,” nikasema.

“Asante, mwalimu,” akanijibu, kwa heshima ile ile anayompa kila mtu mzima.