Mtaalamu wa Hewa na Jiko la Mama

Nilifanywa mtaalamu wa hewa kwa siku mbili. Wenzangu husoma miaka. Mimi nilikaa kwenye ukumbi mmoja pale Lushoto mjini, madirisha yote yamefungwa kwa ajili ya baridi, tukifundishwa umuhimu wa kufungua madirisha. Nje, dereva aliyemleta mkufunzi aliliacha gari likinguruma, na moshi wake ukawa unatuingilia kwa chini ya mlango. Tulikohoa kwa adabu, tukaandika kwenye madaftari: "Moshi ni adui." Siku ya pili tukapewa fulana na vyeti, nami nikarudi kijijini kwetu, juu ya Mlalo, elimu imenifika shingoni.

Wiki iliyofuata mwenyekiti wa kitongoji aliniitia akina mama kwenye uwanja wa shule. Wengi walikuwa wamenizidi umri mara mbili, na wawili kati yao ndio waliomsaidia mama siku aliyonizaa. Niliwaamkia shikamoo, kisha nikaanza kuwafundisha kuwasha moto.

Nilisema yote yaliyokuwa daftarini. Kuni zikaushwe na zipasuliwe nyembamba. Sufuria ifunikwe. Maharage yalowekwe mapema ili yasishinde motoni. Plastiki isichomwe. Jiko liwe na dirisha. Walinisikiliza vizuri sana, kama mtu anavyomsikiliza mtoto akihesabu mpaka kumi.

Bibi mmoja, aliyevaa koti la kiume juu ya kanga, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hizo kuni kavu, mwezi wa nne tunazitoa wapi?"

Mwezi wa nne kwetu ukungu huingia mpaka ndani ya viatu. Daftari langu halikuwa na mwezi wa nne. Nikamwambia swali lake ni zuri sana. Ndivyo mkufunzi alivyokuwa akitujibu sisi.

"Basi twende kwenu tukaone," akasema shangazi yangu, dada wa baba, ambaye hajawahi kunihurumia. "Mtaalamu si lazima awe na jiko la mfano?"

Kwetu ni hatua chache kutoka shuleni. Siku hiyo nilitamani pawe mbali kama Tanga. Tulipofika jikoni tulikutana kwanza na kikohozi cha mama, maana mwenyewe hakuonekana kwa moshi. Kuni mbichi za mkaratusi zilikuwa zikitoa povu kwenye mafiga. Ukuta haukuwa na tundu hata la panya. Na mama, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa akisukumia motoni kipande cha ndala kuukuu ili uwake.

"Karibuni," akasema, machozi yakimtoka. "Somo limeisha?"

"Mganga hajigangi," akasema bibi wa koti, na nadhani kicheko kilisikika mpaka bondeni.

Kicheko hakikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba kikohozi kile nilikuwa nimekisikia tangu utotoni, kama ninavyomsikia jogoo, na ilibidi nipelekwe semina ndipo nijue kwamba ni maradhi.

Kwa hiyo, mama alipokwenda sokoni kuuza kabichi, nilibomoa matofali mawili ya udongo ukutani. Nikasimama kulitazama dirisha langu kwa fahari.

Mama aliporudi alitua tenga, akatazama.

"Nani katoboa nyumba ya baba yako?"

"Ni dirisha, mama. La kutolea moshi."

"Moshi ndio unaolinda mahindi yangu darini yasibunguliwe."

Nikamweleza habari za mapafu, taratibu, kwa kufuata daftari.

"Mapafu hayaliwi," akasema.

Asubuhi nilikuta tundu limezibwa kwa fulana yangu ya semina. Nilipoichomoa, upepo wa bondeni ukaingia kwa nguvu, ukausukuma moshi wote mpaka chumbani. Tulitoka nje sote wawili tukifuta macho.

"Umezaliwa nyumba hii," mama akasema, "na hujui upepo unatokea wapi?"

Akanionyesha kwa kidole pa kutoboa: upande wa mlimani, juu kabisa, karibu na paa. Nilitoboa pale, nikaliziba lile la kwanza. Moshi ukapanda, ukapita kwenye mahindi yake, ukatoka zake. Mkufunzi hakuwa ametuambia kwamba moshi unaweza kufanya kazi mbili kwa safari moja.

Bibi wa koti naye alikuja kukagua. Akatuamuru tutengeneze kichanja kando ya mafiga, kuni za kesho zikauke kwa moto wa leo. "Mama yangu alikuwa nacho," akasema. Uwanjani hakukitaja, labda alitaka kwanza kuona cheti changu kitajibu nini.

Baadaye akaja ofisa wa mradi ulioandaa semina, na kamera.

"Mama, nani alikufundisha haya?"

"Nani anifundishe jiko langu?"

Ofisa akacheka, akaandika kwamba jamii imeelimika, akaweka jina langu.

Sasa majirani wanakuja kujifunza kwa mama. Mimi hukaribisha na kuleta chai. Ndala bado huingia motoni nikiwa sipo. Harufu yake naijua tangu barabarani. Lakini kikohozi kimepungua sana, na wakati mwingine asubuhi nzima hupita bila mimi kukisikia. Nilimwambia mama hivyo, nikingoja walau asante ndogo.

"Ni tangawizi," akasema.