Bibi Yangu Alivyochukuliwa kwa Karata

Bibi yangu nilimpoteza kwenye karata, mchana kweupe, hapa hapa Kibiti, mbele ya watu. Najua unavyonifikiria. Endelea tu, sikulaumu.

Karata zenyewe si hizi za kawaida za kuchezea arubastini. Rafiki yangu mchora mabango alikuta karata za kitoto ndani ya belo la mitumba, zina majoka matupu na maandishi ya Kichina au Kijapani, nani ajue. Akasema majoka ya nini na sisi watu tunao? Akakata maboksi ya sabuni, akauchora mtaa mzima: mama ntilie, bodaboda asiye na chenji, mwenyekiti anayesinzia kikaoni. Kila karata ina namba ya nguvu na hila yake moja. Unatupa yako, natupa yangu, yenye nguvu zaidi inaila ya mwenzake, labda hila ikatae. Wiki nzima tunabadilishana, Jumamosi baada ya alasiri tunashindana kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu. Ukifungwa, aliyekufunga anachagua karata moja ya kwako anaondoka nayo. Watu wazima na ndevu zetu, tunagombea maboksi ya sabuni.

Karata yangu kali ilikuwa Bibi. Nguvu tisa. Hila: akikohoa, karata yoyote ya kiume inarudi kwa mwenyewe. Bibi mwenyewe alipoonyeshwa aliitazama weee, akasema, "Pua umenipa ya kiboko, lakini macho ndiyo yangu."

Macho ndiyo yaliyomleta kwangu kutoka Mbwera, kule delta ya Rufiji, kunakofikwa kwa boti. Alitolewa mtoto wa jicho, akapona, akawa anaona hadi vumbi la juu ya kabati. Basi akataka kurudi kwake, kwenye shamba lake la mpunga. Mimi sikutaka. Kila Jumatatu alifunga furushi, na kila Jumatatu nikamzulia: boti mbovu, bahari imechafuka, nahodha kaenda kuoa. Ukweli ni kwamba nyumba ilikuwa imenoga. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mimi aliniita mume wake, na msichana yeyote aliyekuja kunitembelea alimwita mke mwenza na kumkagua miguu. Narudi jioni, namkuta mtu ananingoja anitukane. Nilimpenda, na niliogopa pia. Kule anaishi peke yake. Akianguka, nani ataniambia?

Jumamosi niliyompoteza, fainali ilinikuta mimi na fundi wa kuchomelea mageti, rafiki yangu na jirani yangu. Ningeweza kumwacha Bibi kwenye droo, na watu walinishauri. Lakini tamaa mbele, mauti nyuma. Nikamtoa mapema, akala karata tatu mfululizo, nikaanza kujisifu. Fundi akatupa Mkwe wa Kike. Huyo ni mwanamke, kikohozi hakimhusu, na hila yake ni kumpumzisha mzee yeyote aliye mezani. Nikaisha.

"Nachagua Bibi," akasema, akamtia mfuko wa shati. Kibanda kizima kikalipuka kwa vifijo.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta Bibi mlangoni, kanga kajifunga, furushi kichwani.

"Bibi, wapi tena?"

"Kwa mume wangu mpya. Umenitoa kwa karata, mwanamume gani wewe!"

Nikadhani ni maneno tu. Lo! Akaenda kweli, nyumba ya tatu kutoka yangu. Mke wa fundi akampokea kwa vigelegele na kumtandikia mkeka. Nami siwezi kununa, maana kwenye utani anayenuna ndiye aliyeshindwa. Siku tatu nikashindia chai na mkate. Nikapeleka kamba wa Salale, wakubwa, wabichi, kumkomboa. Wakawala wote, wakanirudishia bakuli.

Nikamwomba fundi marudiano. "Mali si yangu tena," akasema. "Muulize mwenyewe."

Bibi alikuwa barazani, karata yake mkononi. "Nitacheza mimi," akasema. "Ukinifunga, narudi kwako, na Mbwera sitaitaja tena. Nikikufunga, Jumatatu unanipeleka kwenye boti."

Nilicheka. Halafu nikaenda mbio kwa mchora mabango, kwa sababu mimi ni mshenzi, na kanuni zetu zinaruhusu karata mpya.

Jumamosi akaketi mbele yangu na karata za fundi. Kumbe miezi yote ile, tukibishania hila nyumbani kwangu, alikuwa anatusikiliza! Alinikamua mpaka jasho likanitoka. Mwisho tukabaki na karata moja moja. Akamtupa Bibi. Mimi nikatupa ile mpya: Boti Mbovu, nguvu sifuri. Mchora mabango akasoma hila kwa sauti ndogo, "Hakuna anayekwenda popote. Mwenye boti kashinda."

Hakuna aliyeshangilia. Bibi akaitazama ile boti kwa macho yake mazima.

"Haya," akasema. "Umenifunga."

Akarudi, na ahadi akaitimiza. Alipika, alifagia, Jumatatu hakugusa furushi. Asubuhi akaniuliza, "Umeamkaje, mjukuu wangu?" kwa adabu, kama anaongea na bwana afya. Msichana wangu alipokuja, akamwambia, "Karibu, mwanangu," na miguu hakuitazama. Nikamchokoza, akatabasamu na kuendelea kupembua mchele. Sijawahi kukaa kwenye nyumba yenye heshima ya kutisha kama ile. Nilitamani anitukane hata kidogo tu.

Siku ya nane nikasalimu amri. "Bibi, kesho tunakwenda Nyamisati. Boti ipo."

"Niliahidi sitaitaja Mbwera."

"Hujaitaja. Nimeitaja mimi."

Akainamia ungo wake. Lakini niliporudi kutoka uani, furushi lilikuwa limeshafungwa.

Gatini nilimshika mkono akapanda, nikamwelekeza nahodha nani atampokea, nikamkumbusha Bibi simu, nikamkumbusha dawa ya macho, nikarudia simu. Injini inaunguruma, abiria wote wamekaa, mimi bado nimeng'ang'ania ukingo wa boti.

"Nahodha, twende baba," Bibi akapaza sauti. "Unamngoja nani? Mimi hapa simjui mtu."

Boti nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka, huku nalia, nikaachia mkono.