Jumamosi Kwenye Miamba ya Dagaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikimbia. Nilikuwa nimetoka Misungwi na barua ya kuajiriwa kukata majani kwenye uwanja wa gofu kando ya ziwa, na kabla sijashika hata fyekeo, mpira ulipita jirani na sikio langu, karibu kiasi kwamba ningeweza kusoma bei yake. Nilikuja kusimama getini. Msimamizi wa Uwanja alinifuata polepole, mikono nyuma.

"Masanja, unakimbia nini? Mpira una meno?"

"Shikamoo mzee. Unapiga filimbi."

"Marahaba. Ukisikia filimbi, ujue umeshakupita. Rudi kazini."

Nilirudi, na sikutoka tena mpaka nilipostaafu. Nilikata majani, nikawa kedi, yaani mbeba mkoba wa fimbo, kisha Mwalimu Msaidizi, na mwisho Mwalimu wa Uwanja. Mchana nilikuwa uwanjani, jioni darasani na watu wazima wenzangu, mpaka nikapata cheti cha kidato cha nne. Mwalimu wa fizikia alipoeleza mwendo wa duara, darasa zima lilisinzia. Mimi nilipiga makofi.

Ninyi mnaoanza leo mnarekodi kila pigo kwa simu. Sisi tulitumia macho. Kila mwanafunzi alitaka draivu ndefu, lile pigo la kwanza ambalo mpira umekaa juu ya kijiti, na kila mmoja alidhani nguvu iko mikononi. Walipiga mpira kama mtu aliyekuta nyoka chooni. Nguvu inaanzia miguuni. Geuza mabega mpaka mgongo utazame kule unakopeleka mpira, uzito ulalie mguu wa kulia. Wakati wa kurudi nyonga inatangulia, kifua kinafuata, mikono inafika mwisho, kama mvuvi anayerusha wavu wa mkono. Akianza na mikono, wavu unaanguka kama furushi. Na fimbo ishike kama sato aliye hai: ukimbana anachomoka, ukimlegezea anaanguka.

Mwanafunzi wangu mkubwa alikuwa meneja wa kiwanda kimoja cha samaki, mtu mpole mwenye mwili wa kabati. Alipokuja, draivu yake ilikuwa haivuki kivuli chake. Nilimfundisha mpaka mpira wake ukawa unaondoka Mwanza asubuhi na kurudi jioni.

Hapo ndipo hofu ilipoanza. Shimo la saba linafuata ufukwe, na upande wa kulia, nyuma ya ua wa minyaa, kuna miamba mipana ambako akina mama huanika dagaa. Miaka yote hakuna mchezaji aliyekuwa na nguvu ya kufika kule. Meneja alifika. Mpira ulikunja kulia, ukavuka ua na kutoboa sufuria ya uji ya Mama Bhoke, mkubwa wa wale akina mama, hatua moja kutoka alipoinama.

Aliniletea ule mpira kwenye kona ya khanga. "Mwalimu, samaki wako huyu hana mapezi. Kesho atatua kwenye kichwa cha nani?"

Sikulala siku tatu. Urefu ule nilimpa mimi.

Kapteni wa klabu hakuzunguka. "Jumamosi Meneja atapiga mbele ya kamati. Mpira ukivuka ua tena, tutaomba akina mama waondolewe pale. Usipovuka, wabaki."

"Wakaanike wapi?"

"Hilo si la gofu."

Wiki nzima tulifanya mazoezi pale pale shimo la saba, saa ambazo akina mama wamepeleka dagaa sokoni. Mipira iliendelea kuvuka. Nyonga haikuwa na kosa, mabega hayakuwa na kosa. Hofu ndiyo iliyomwingia vidoleni. Alibana fimbo, uso wa fimbo ukafika kwenye mpira umefunguka, mpira ukakunja kulia.

"Mwalimu, kila nikiinua fimbo namwona yule mama," alisema.

"Basi Jumamosi utaniona mimi. Nitakaa pale nakunywa uji. Mkono wako naujua. Ukiniona nimetulia, tulia."

Sijawahi kusema uongo mkubwa kama huo wa kutulia, hata kwa mama mkwe.

Jumamosi akina mama wengine walisogea mbali. Mama Bhoke alikataa. Alisema dagaa hawajui Jumamosi, na ndege hawasubiri kamati. Nikakaa kando yake juu ya mwamba unaouzidi ua kwa kimo, kikombe mkononi.

"Mwalimu, magoti yako yanapiga ngoma."

"Ni baridi, mama."

"Saa saba mchana?"

Nilimwinulia Meneja kikombe. Nikaona kwa mbali mabega yake yakishuka, mikono ikilegea. Akageuka taratibu. Ta. Mpira mweupe ukapotelea kwenye wingu jeupe, na hapo hakuna elimu ya mchana wala ya jioni inayosaidia. Mama Bhoke alinishika mkono, nami sikumwomba auachie. Nikangoja.

Kisha nikasikia filimbi, ng'ambo ya ua.

"Umepita," nikasema, na nusu ya uji ilikuwa kwenye suruali yangu.

Ulitua ndani ya uwanja, katikati ya majani mafupi. Kapteni alitimiza neno lake, miamba ikabaki ya akina mama. Mama Bhoke akafuta mkono wake.

"Atapiga tena lini?"

"Kila Jumamosi."

"Basi na wewe utakuja kila Jumamosi."

Nilikwenda mpaka nilipostaafu, na sikuzoea hata mara moja. Siku hizi naishi Kiseke. Mwalimu aliyenirithi ana kompyuta inayopima kasi ya fimbo, na wanafunzi wake wanapiga mbali kuliko wangu wote. Nilimwuliza swali moja tu: draivu za shimo la saba zikipigwa, yeye hukaa wapi?

"Kibandani, mzee. Kuna kivuli."

Kwa hiyo Jumamosi nachukua mkongojo na kikombe changu, nashuka hadi miambani. Wachezaji wakiniona hulegeza vidole. Mama Bhoke ananiwekea gunia la kukalia. Magoti bado yanapiga ngoma, lakini sasa namwambia ni uzee.