Suruali ya Mawingu

Chwaaa!

Mpaka leo Mama Burashi akisikia kitambaa kinachanwa, hukumbuka mchana ule ukumbini, jinzi ilipompasukia gotini mbele ya waigizaji wote.

Yeye ndiye mchoraji wa mapazia yale makubwa yanayotundikwa nyuma ya jukwaa: msitu, jumba la mfalme, mtaa wenye taa. Turubai hutandazwa sakafuni, naye hutambaa juu yake kutwa, burashi mkononi. Jinzi zilikuja na meneja mpya kama sare ya wafanyakazi wote. Zilipendeza, hilo hakulikana. Lakini zilibana kiunoni kila akiinama, zikilowa zilikuwa nzito kama deni, na magotini hazikudumu. Ikawa kila mara anainuka, ameshika kiuno, anaugua kwa maumivu.

Siku ya mpasuko huo meneja, kijana mwenye maneno laini, alimwita pembeni.

"Mama yangu, nakuhurumia. Magoti yamechoka. Pale dirisha la tiketi kuna kiti kizuri."

"Iliyochoka ni jinzi, mwanangu. Magoti yangu hayana kiraka."

"Haya, kesho unaanza pazia la mto. Ukilimaliza bila kuinuka-inuka, burashi ni zako. Ukishindwa, unahamia dirishani."

Mama Burashi alipotoka alipitia stoo. Humo lilikuwamo pazia lake la kwanza kabisa, anga lenye mawingu, alilolichora akiwa na mimba ya kifungua mimba wake. Panya walikuwa wamelitafuna upande mmoja, na meneja alikwishaagiza litupwe. Akalikunja, akalitia begani, huyoo mpaka kwa wifi yake, fundi cherehani.

"Wifi, umeniletea kazi au umeniletea ugomvi?"

"Nimekuletea suruali. Kata."

Sindano ya kwanza ilivunjika, wifi akalaani ukoo mzima, akasahau kwamba ameolewa humo. Ila turubai lenyewe lilikuwa jema: miaka ilikuwa imelilainisha bila kulilegeza. Walilikata pana mapajani. Magotini wakaweka tabaka mbili. Katikati ya miguu wakapachika kipande cha pembe nne, ili mtu achuchumae bila kuiomba ruhusa nguo yake. Pajani ukakaa mfuko mrefu wa burashi.

Ugomvi ulizuka kwenye rangi. Wifi alikuwa ameugeuzia ndani ule upande uliochorwa.

"Mtu mzima hatembei na mawingu matakoni," alisema. "Wanao watakuja kunilaumu mimi."

"Geuza."

"Wifi, nisikilize..."

"Geuza, nimesema! Anga hili limekaa nyuma ya migongo ya watu tangu nilichore. Wameligeuzia kisogo, wamepigiwa makofi wao. Sasa litatangulia."

Wifi alisonya, akageuza. Lakini alipomwona ameivaa, mkanda umetulia kiunoni na wingu jeupe limeshuka kutoka nyonga hadi goti, alimzunguka mara mbili.

"Kitambaa kilichobaki," alisema hatimaye, "usimpe mtu. Na mimi nina miguu."

Asubuhi waigizaji walimpokea kwa vicheko.

"Mama, leo tubebe miavuli?"

"Bebeni. Nikikasirika nitanyesha."

Akapiga magoti. Aliuanzia mto pale ulipo mwembamba, kwenye kona, akaushusha taratibu, buluu juu ya kijani, akitambaa nao. Hakuna kilichombana, hakuna kilichomchoma. Vicheko vilikwisha vyenyewe. Watu walianza kupita kandokando ya ukuta wasije wakalowa. Alasiri ulibaki ukingo mmoja tu, na hakuwa ameinuka wala kuugua hata mara moja.

Ndipo meneja alipoingia. Akatazama suruali kwa muda mrefu kuliko alivyotazama pazia.

"Hiyo si sare, mama."

"Siyo."

"Nikikuachia wewe, kesho kila mtu atakuja na lake. Hapa kuna utaratibu!" Alikuwa akisema huku akisogea, hatua baada ya hatua, mpaka akamsimamia utosini.

Mama Burashi hakuinuka. Alichovya burashi, akaikung'uta kwenye mdomo wa kopo, akaitazama ncha ya kiatu kinachong'aa mbele ya uso wake.

"Sogea kidogo, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto alale. "Umekanyaga mto."